Siku Nne za Mama

Shela, Malindi
Jumatatu, 10 Agosti 1987

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nakubusu mikono yote miwili kutoka huku niliko.

Tulifika jana alasiri, sote watatu wazima, ila mdogo wetu Harusi alitapika mara mbili kabla ya Garsen na mara moja baada yake, juu ya kikapu cha mtu. Mwenye kikapu, bibi mmoja wa Kipokomo, alisema hapana neno, ndani mna viazi tu, na viazi huoshwa. Mahadhi alijifanya hatujui. Ana miaka kumi na mitatu na tayari anaona aibu kama mzee.

Shangazi Jaha alikuwa mlangoni. Alitukagua mmoja mmoja kama mtu anayerudishiwa vyombo alivyoazimisha, kisha akalia kidogo kwa ajili ya Baba, kisha akatuuliza kama tunakula pweza. Juu ya nyumba yake amepanga Bwana Musyoka, Mkamba, dereva wa gari la watalii. Siku ambazo wageni wake wamelala ufukoni gari halina kazi, na mwenye gari amemruhusu atutembeze. Kwa hiyo mahali pote Baba alipopataja tutapaona.

Siku ya tatu ya Idi, ulipotuambia tufunge mizigo, mimi nilikataa kwa sababu niliona haya. Mama yuko ndani ya eda, sisi tunakwenda kutazama nyoka. Ukasema, "Eda ni yangu, si ya watoto." Neno hilo nimekuja nalo njia nzima. Nimekaa dirishani asubuhi hii nikijiuliza kama furaha inaweza kugawanywa, mtu mmoja akaichukua na mwingine akabaki na huzuni yote, na kama huo ni uadilifu.

Nimehesabu kwenye kalenda ya Shangazi. Baba alitutoka tarehe 13 Aprili. Miezi minne inatimia tarehe 13 Agosti, ongeza siku kumi, ni Jumapili tarehe 23. Tutapanda basi Jumamosi, na Jumapili asubuhi mimi ndiye nitakayekushika mkono kukuvusha mlango. Usikubali mtu mwingine.

Kuhusu chuo cha ualimu, natakiwa Nairobi tarehe 7 Septemba, nao wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha. Tutazungumza nikirudi.

Mwanao,
Batuli


Mkomani, Lamu
Jumatano, mwezi 17 Mfungo Tatu

Mwanangu Batuli,

Marahaba. Mikono imebusika.

Barua yako imeletwa na watu wa basi, nami nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikutafuta wewe, mara ya pili nikaitafuta Malindi. Wewe nimekuona. Malindi sijaiona. Umeniandikia mawazo, na mawazo yako nayajua tangu ulipokuwa tumboni ukinipiga teke kwa zamu, kulia kisha kushoto, kama unayepima jambo. Sikukutuma mawazo. Nimekutuma macho. Humu ndani kuta zote nimezimaliza, najua kila ufa unakokwenda. Niandikie kitu ambacho sikijui.

Ami yako Badawi amekuja kutoka Mombasa. Alisimama nyuma ya pazia, akasema nikishatoka eda ataifunga nyumba hii atuchukue sote kwake. Nikamwambia, "Shemeji, mtu aliye edani hasemeshwi habari za kuhama." Akasema, "Si kuhama, ni heri." Nikanyamaza. Uzuri wa pazia ni huo, mtu akinyamaza mwenziwe hajui kama amekubali au amelala.

Hiyo Jumapili yako nimeiona. Msikatize matembezi kwa ajili yangu. Barua ya chuo ijibu huko huko, usinisubiri.

Mwambie Harusi atafune tangawizi garini. Mwambie Mahadhi nimesema yeye ni ndugu yake hata akitapika.

Mama yako,
Mwanaheri


Shela, Malindi
Alhamisi, 13 Agosti 1987

Mama mpenzi,

Shikamoo. Macho haya hapa.

Bustani ya nyoka ina ukuta unaonifika kiunoni, na ndani yake mchanga, matawi makavu na birika la maji. Mlinzi wake ni Mgiriama mmoja, Kahindi, mwembamba, mwenye fimbo iliyopindwa nchani. Chatu amelala amejikunja juu ya nafsi yake, mnene kama paja la Mahadhi. Mgongo wake una mabaka ya kahawia yaliyozungushiwa uzi mweusi, kazi safi, kana kwamba aliyemdarizi hakuwa na haraka. Harusi aliuliza, "Huyu ana mke?"

"Alikuwa naye," akasema Kahindi. "Wakagombana."

"Mke akaenda wapi?"

"Tumboni."

Bwana Musyoka akasema, "Wewe, usitishe mtoto." Kahindi akajibu, "Simtishi. Namfundisha ndoa mapema."

Akatuuliza nani anataka kumgusa. Zamani ningerudi nyuma nikawaza kuhusu kumgusa. Nikakukumbuka, nikanyosha mkono. Si mtelezi, Mama. Ni mkavu na wa baridi, kama sakafu alfajiri, na chini ya ubaridi huo kuna nguvu inayopita polepole. Harusi alimbusu. Nisamehe, niligeuka kidogo tu.

Jana tulikwenda hifadhi ya bahari. Mashua yao ina kioo sakafuni. Nahodha anazima mashine juu ya matumbawe, kila mtu anainama, na watu wazima waliokuwa wakibishana ufukoni wananyamaza pamoja. Nimeona vitatange wa manjano wenye mistari myeusi, wanakwenda wawili wawili kama watu wa harusi. Nimeona pono wa kijani na waridi akiguguna jiwe, na sauti ya meno yake tuliisikia. Tumewala hawa miaka yote na sikuwajua. Samaki wa sokoni ni kama nguo iliyofuliwa mpaka ikapauka. Humu wamevaa rangi zao wenyewe.

Mahadhi alikuwa akiwataja mmoja mmoja. "Huyu wa nazi. Yule wa kukaanga. Yule ana miiba, mwache." Bwana Musyoka akasema, "Nyinyi watu wa Lamu mnaangalia mbuga ya serikali kama sufuria." Kulikuwa na mzungu mmoja mzee na mkewe, hawakuelewa neno, lakini Mahadhi alipolamba midomo walicheka nao.

Huyo ndiye mwanao aliyekuwa hasemi tangu Aprili. Nilidhani ungependa kujua.

Chuo nimekishughulikia, usiwe na wasiwasi nacho.

Mwanao,
Batuli


Shela, Malindi
Ijumaa, 14 Agosti 1987

Wifi yangu Mwanaheri,

Salamu zangu kwako na kwa kuta zako. Watoto wazima. Wa kike mdogo amenimalizia sukari, wa kiume amenimalizia samaki, na mkubwa hali kitu, anaandika. Huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu, nami ujue naichukia.

Jana jioni Musyoka amenijia na bahasha. Akasema, "Bi Jaha, Batuli amenipa hii niitie posta. Amenipa, akaichukua, akanipa tena, akaichukua. Mara ya tatu ameniachia na kukimbia. Mtu anayepeleka jambo jema hafanyi hivi." Nikaitazama anwani. Chuo cha ualimu, Nairobi.

Sikuifungua, wifi. Nilimwendea mwenyewe jikoni, nikamuuliza umewaandikia nini. Akasema, "Nimewaandikia kwamba siendi." Hivyo hivyo, huku akikuna nazi.

Nikamwambia, mtoto, mama yako amekusomesha kwa kushona kofia mpaka vidole vikapinda. Akasema ndiyo maana. Akasema, "Nani ataingia sokoni, Shangazi? Mahadhi watamuuzia samaki wa juzi. Mama hajakanyaga soko tangu azaliwe, Baba ndiye aliyekuwa akileta kikapu. Nani atakwenda afisi ya ardhi? Nani atamfungulia Ami Badawi mlango na kumwambia hapana? Ataifunga nyumba, na Mama atanyamaza." Kisha akaendelea kukuna, na ile nazi, wifi, ilikuwa imekwisha zamani, alikuwa anakuna kifuu.

Bahasha nimeiweka kabatini chini ya leso zangu. Musyoka ameniuliza leo kama aipeleke. Nikamwambia posta imefungwa. Akasema, "Bi Jaha, leo Ijumaa, saa nne asubuhi." Nikamwambia kwangu imefungwa.

Sasa niambie. Niichome? Nimchape? Sema mwenyewe, kwa sababu mimi nimekwisha sema yote niliyo nayo na hayakutosha.

Wifi yako,
Jaha


Mkomani, Lamu
Jumamosi, mwezi 20 Mfungo Tatu

Wifi yangu Jaha,

Mungu akulinde, na mkono wako ulioshika kalamu.

Bahasha usiichome wala usiifungue. Ni mali yake. Ikae chini ya leso mpaka nikuandikie.

Sasa nikupe langu, nawe ulifunike. Mtoto wetu amesoma miaka kumi na mitatu, na amehesabu eda yangu kwa kalenda yako ya duka la baiskeli. Nduguyo alitutoka siku moja kabla ya nusu Shaabani. Huo ni mwezi kumi na nne. Hesabu nawe kwa vidole: Shaabani mpaka Ramadhani, Ramadhani mpaka Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, kisha Mfungo Tatu huu wa Idi ya kuchinja. Kumi na nne ya mwezi huu miezi minne ilitimia, na siku kumi juu yake ni ishirini na nne. Mimi natoka Jumatano hii. Yeye ananingojea Jumapili. Tangu lini eda ikafuata miezi ya wazungu? Lakini amekaa bweni huko bara miaka sita, na huko mwezi wa mbinguni hautazamwi.

Kosa lake niliona siku ile ile barua ilipofika. Kalamu ilikuwa mkononi nimsahihishe. Nikaiweka chini.

Jaha, mimi si jiwe. Nilipoolewa nilivuka mlango nimeshikwa mkono na mama yangu, na kutoka hapo nimeshikwa na nduguyo Mbaruk miaka ishirini na mitatu. Alikuwa mkono mzuri. Sasa binti yangu anataka kuushika yeye. Ananipenda, najua. Lakini akinivusha Jumapili, Jumatatu ataniletea kikapu, na Septemba itapita, na mwakani, na atazeeka akinivusha. Nataka nivuke peke yangu, naye asikie kwamba nimevuka. Nikishindwa, basi, aje anishike, nami sitasema neno tena.

Magoti yangu hayajui kama yataweza. Hilo pia lifunike.

Jumatano wapeleke mbali, mahali ambapo hata akikumbuka kutazama mwezi hatapata basi.

Wifi yako,
Mwanaheri


Shela, Malindi
Jumatatu, 17 Agosti 1987

Mama mpenzi,

Shikamoo. Siku mbili hizi miguu imechoka na macho bado.

Jumamosi tulikuwa Gede. Unaingia msituni kwa njia nyembamba, mizizi imepanda juu ya kuta na kuzikumbatia, na mara unajua kwamba hukusimama porini, umesimama sebuleni kwa mtu. Kuta ni za matumbawe kama zetu. Kuna visima vyenye mdomo uliolainishwa na kamba. Kuna vyoo, Mama, na mahali pa kuogea, pamejengwa vizuri kuliko pale bweni nilikosoma. Nyumba hazina majina ya wenyewe kwa kuwa hakuna ayajuaye, kwa hiyo wachimbaji wamezipa majina ya vitu walivyookota ndani. Nyumba ya mkasi. Nyumba ya taa ya chuma. Harusi alisema yetu ingeitwa nyumba ya viatu vya Mahadhi.

Bwana Musyoka ana maneno yake ya watalii na alitupa yote, kwa sauti ya kazini. "Watu waliuhama mji huu, na mpaka leo hakuna anayejua sababu." Aliposema hivyo nilikuwa nimesimama mlangoni pasipo mlango. Nilitaka kustaajabu tu, kwa kuwa mahali penyewe ni pazuri mno, kimya chake ni kama cha msikiti baada ya watu kutoka. Lakini nilimfikiria Ami Badawi na kufuli lake. Nilimuuliza Bwana Musyoka kama nyumba huanza kufa siku watu wanapohama au siku wanapokubali kuhama. Akasema, "Batuli, hilo watalii hawajaniuliza. Ngoja nilale nalo."

Najua, umesema macho. Nayarudisha.

Jana tulikwenda mbali, karibu na Mombasa. Pale Kilifi tulivuka kwa feri, na foleni ilikuwa ndefu kiasi cha kumaliza vifuko vitatu vya korosho. Maji ya mkono ule wa bahari ni ya kijani karibu na kingo na buluu iliyokoza katikati. Tukapita daraja la Mtwapa, tukafika mahali ambapo palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji. Shimo tupu, jeupe, hata nyasi hazikuota. Mtu akapanda mivinje, mmoja mmoja, majani yakaanguka yakawa udongo, na sasa ni msitu. Kuna kobe wakubwa kama meza ya kulia chakula, kiboko, ndege wa maji, na mamba katika mabwawa yao. Wakati wa kulishwa mamba hurusha nusu ya mwili juu ya maji, na taya zikifunga mlio wake ni wa mlango wa mbao nzito. Mahadhi alisema, "Tena." Kwangu mamba walikuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa naigusa ile mivinje. Nilitaka kumjua mtu aliyetazama jiwe tupu akaona kivuli.

Shangazi ameshikilia kwamba Jumatano tuende Marafa, huko ndani upande wa Magarini, kutazama bonde la udongo mwekundu. Nilimwambia siku zimebaki chache, afadhali nikae nikufulie ile nguo nyeupe mpya niliyokununulia ya kutokea eda. Akasema nguo haifuliwi kabla ya kuvaliwa. Kwa hiyo tunakwenda.

Jumapili haiko mbali. Nahesabu.

Mwanao,
Batuli


Mkomani, Lamu
Jumatano, mwezi 24 Mfungo Tatu

Mwanangu Batuli,

Kaa kitako kwanza. Nimetoka eda leo.

Usimtafutie mtu lawama. Wewe ulihesabu kwa tarehe, eda huhesabiwa kwa mwezi, na kati ya hizo mbili mna siku nne. Niliziona nikazinyamazia. Nilizitaka ziwe zangu.

Umenipa macho yako siku kumi. Sasa chukua yangu.

Nimeoga alfajiri, nikavua nguo za eda, nikavaa gauni lile la maua madogo na buibui juu yake. Jirani yetu Bi Khole alikuja kunitoa. Nikamwambia akae anywe chai, narudi sasa hivi. Saa nne nikachukua kikapu cha baba yako pale msumarini na kuvuka mlango. Mguu wa kulia. Jua lilinipiga usoni nikasimama, sikuona kitu, nikaona weupe tu, na punda akapita karibu nami kama mtu mwenye shughuli zake. Kisha nikaanza kwenda.

Nimeishi miaka arobaini na mitatu hatua mia mbili kutoka soko la ngomeni, nami nililijua kwa harufu. Ni dogo kuliko nilivyodhani. Sakafu imelowa. Wanaume walipoona ni mwanamke wa Mkomani wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa. Buibui ni nguo ya heri, haitoi siri za magoti.

Yule muuza samaki mwenye jicho moja, ambaye baba yako alimwita Sultani, akasema, "Bi Mwanaheri, ungetuma mtu."

Nikamwambia, "Nimetuma. Amefika."

Akanipa samaki mmoja, changu. Nikamfunua matamvua. Nikamwambia, "Huyu amekufa kabla mimi sijaingia eda." Mmoja akacheka, kisha wote, na Sultani mwenyewe akacheka mpaka akafuta jicho. Walipocheka ndipo nilipojua nimeingia sokoni. Akanitolea tasi wawili kutoka chini ya gunia, wabichi, macho maangavu.

Ami yako alipata habari kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta kwenye daka, ukumbi wa mlangoni. "Shemeji," akasema, "mke wa ndugu yangu kuonekana sokoni. Watu watasema nini?"

Nikasema, "Watasema nimenunua tasi wawili. Keti, utakula."

Bi Khole akanisaidia kupika, nasi tukampelekea pale pale dakani, mlango wazi. Alikula sahani mbili. Alipotia tonge la mwisho nikamwambia nikiwa kizingitini, "Badawi, nyumba haifungwi. Ukija Lamu utafikia hapa, na chakula kitakuwapo." Hakujibu. Kinywa kilikuwa kimejaa, nami niliungoja ujazo huo. Alipomeza akasema, "Samaki mzuri." Jioni amepanda mashua ya Mokowe. Hakukasirika. Nadhani naye alikuwa ameuogopa mzigo aliojitwika.

Sasa chuo. Bahasha yako ni nzima, Jaha anayo, na hakuna aliyeifungua. Nimemwandikia akurudishie ukishasoma haya. Itie posta ukitaka, sitakuuliza. Lakini usiniandike mimi ndani yake. Mimi si sababu tena. Kama hutaki kwenda, tafuta sababu nyingine.

Mama yako,
Mwanaheri


Shela, Malindi
Ijumaa, 21 Agosti 1987

Mama mpenzi,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma jana jioni, nimesimama, kwa sababu sikufuata agizo la kukaa. Kisha nikakaa.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilimwambia Shangazi kwamba mmenichezea kama mtoto. Akasema, "Ndiyo. Kula." Akaiweka bahasha karibu na sahani yangu. Nilimwambia mtu hafanyiwi hivi siku aliyoingojea miezi minne. Akaniuliza, "Ulikuwa ukiingojea wewe, au aliyekuwa ndani?" Nikavuta sahani, nikala.

Kisha nikafanya hesabu, safari hii ya saa. Ulisema saa nne. Saa nne Jumatano sisi tulikuwa Marafa. Mama, hapo ardhi imepasuka. Unatembea kwenye shamba la mahindi la kawaida, na ghafla mbele ya vidole vya miguu yako hakuna shamba, kuna shimo refu la kuta zilizochongwa na mvua, nyekundu, waridi, nyeupe, rangi ya ufuta uliokaangwa, tabaka juu ya tabaka, na minara myembamba imesimama ndani yake bila kushikwa na kitu. Tulishuka kwa njia ya udongo laini. Bwana Musyoka alikuwa anatuonya kwa sauti ya kazini, "Tahadhari, wageni wangu, hapa panateleza," akateleza. Alishuka njia yote kwa makalio mpaka chini, polepole, akiwa bado ameinua kidole. Harusi akakaa chini akamfuata kwa hiari yake, Mahadhi akamfuata Harusi, na mimi nikamfuata Mahadhi.

Nilikuwa nacheka. Suruali ya Bwana Musyoka ilikuwa nyekundu, gauni langu lilikuwa jekundu, Harusi alikuwa amenipanda mgongoni akipiga kelele za punda, na mimi nilikuwa nacheka mpaka mbavu zikauma. Sikuwa nakufikiria. Kwa saa nzima, labda mbili, sikukufikiria hata mara moja. Na wakati huo huo wewe ulikuwa umesimama juani na kikapu.

Jana niliposoma, jambo hilo ndilo lililoniuma kuliko kosa la kalenda. Leo naliona vingine. Nilidhani nikikuacha kidogo tu akilini utaanguka. Nilikuacha, na wewe ulikuwa unamfunua samaki matamvua.

Wiki mbili hizi nimestaajabia mengi, na nimekuandikia yote kwa uaminifu. Lakini nitakayemsimulia mpaka nizeeke ni mwanamke aliyetembea hatua mia mbili.

Nimetafuta sababu nyingine, kama ulivyoagiza. Nimepata moja tu. Naogopa. Naogopa Nairobi, naogopa kukaa chumbani na wasichana wanaojua kucheka haraka, na zaidi naogopa kwamba nikienda nitageuka mtu asiyeona haja ya kurudi. Nilipoiandika sababu hiyo kwenye karatasi ilionekana ndogo, na tena haikuwa sababu ya kubaki. Ni sababu ya kuandika barua kila wiki.

Bahasha ile nimeichana. Nimewaandikia upya kwamba nitafika tarehe saba, na asubuhi hii nimekwenda posta kwa miguu. Aliyepokea barua aliipiga muhuri bila kunitazama, nikashangaa jinsi jambo kubwa linavyoweza kuwa na sauti fupi hivyo.

Kesho tunapanda basi, na tutavuka Mokowe kabla ya magharibi. Njoo utupokee gatini. Njoo peke yako, upite njia ya mbele ambako watu wote wamekaa. Nitasimama nyuma ya abiria wengine, kwa sababu nataka, kabla hujaniona, nikutazame unavyotembea.

Mwanao,
Batuli